Samaki wa Mhandisi

Tanga, 4 Machi 2025

Mama Aurelia,

Salaam. Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeifungia, na ujumbe ninaoupitisha kwa mtoto ama haukufikii au wewe unajifanya haukufikii. Barua hii nimempa kondakta wa basi. Jibu lako mpe huyohuyo.

Sitakuchosha na mambo ya nyumbani. Nataka kukukumbusha tangi langu. Masika yanakaribia, na umeme wa huko wakati wa masika unaujua. Lile si beseni la kambale. Mle ndani wamo samaki wa baharini niliowatoa Dar es Salaam mwenyewe, kwenye mifuko yenye oksijeni, kiyoyozi cha gari kikiwa kimewashwa njia nzima. Pampu ikisimama hewa inaisha majini, na hewa ikiisha na wao wameisha. Ndiyo maana kila mwenye tangi la maji ya chumvi, popote alipo duniani, huweka vifaa vya dharura karibu kabla shida haijatokea.

Tafuta kasha, uandike DHARURA kwa herufi kubwa. Weka pampu ya hewa inayotumia betri na betri zake za akiba, hita ya akiba, chumvi ile maalum, dawa ya kuondoa klorini, kipima chumvi, neti, na ndoo ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Najua utaalamu si upande wako. Kazi yako pale dukani ni kusoma maandishi ya kwenye paketi ya dawa na kumrudishia mteja kwa sauti. Basi na hapa fanya hivyohivyo. Soma, fuata, usiongeze la kwako.

Mwezi wa sita nitapata nafasi ya kuja kulichukua. Kabla ya hapo usiguse kitu ambacho sikukuelekeza.

Msalimie Aurelia shule ikifungwa.

Mhandisi Alfonsi


Ifakara, 11 Machi 2025

Mhandisi,

Barua yako imefika. Bahasha hukuifunga vizuri, kwa hiyo kondakta ameisoma kabla yangu. Amenipa pole.

Kasha la dharura lipo, umelisahau tu. Liko stoo, limeandikwa kwa mkono wako, na herufi umezinyoosha kwa rula. Wiki uliyoondoka nililifungua nikakuta ndoo ya chumvi iliyobaki vumbi, pampu iliyoungua, na hita. Pampu ya betri haikuwemo. Ulikuwa nayo, lakini uliitumia kupulizia hewa chambo hai kwenye ndoo mlipokuwa mkienda kuvua Kilombero na wenzako, mkirudi na harufu ya bia bila hata perege mmoja.

Sasa nizungumzie hita. Alfonsi, umeishi Ifakara miaka yote ile. Ulikuwa unalala sakafuni kwa ajili ya ubaridi wa saruji. Leo unaniagiza hita ya akiba. Hilo umelinakili kutoka kitabu cha watu wa nchi za theluji, na hukusimama hata kidogo kufikiri. Samaki hawa hapa hawawezi kufa kwa baridi. Wanakufa kwa joto, kwa sababu maji yakipata moto hewa haikai. Hita yako nimempa fundi redio, atatoa nyaya. Badala yake nina chupa za maji zilizoganda kwenye friji ya Kristina, jirani yetu anayeuzia watoto barafu, na feni ndogo ninayoielekeza juu ya maji saa za mchana. Pampu ya betri nilinunua nyingine mwaka jana. Hukuambiwa kwa kuwa hukuuliza.

Hujawahi pia kuuliza kwa nini bado ninawatunza. Nitakwambia. Ulipoaga kwamba unahamia kikazi na utaturudia, watu walinishauri niwakaange. Nilikataa kwa sababu nilijua ungesema wamekufa kwa uzembe wangu, na ungekuwa na hadithi ya kusimulia mezani kwa watu maisha yako yote. Sikutaka nikupe hata hiyo hadithi.

Kuhusu kulichukua tangi, ninajua unaishi na nani. Rosemery, binti wa Shilinde mfugaji wa Mlimba, uliyemkuta akipika kwenye kambi yenu ya ujenzi. Treni inapita hapa ikitoka kwao, na abiria wana midomo.

Leticia


Tanga, 27 Machi 2025

Mama Aurelia,

Matusi yako sitayajibu. Mtu wa kiwango changu hawezi kushindana na muuza panadoli.

Kwa kuwa umeshajua, basi nami niseme wazi. Rosemery anawapenda sana samaki na ameniomba tangi liwe hapa. Yeye ni msikivu, akielekezwa anaelekezeka. Sitasubiri mwezi wa sita. Namtuma dereva wa ofisi, Bryson, kabla ya Pasaka. Atakuja na mifuko na makasha ya kuhifadhia ubaridi. Mpe samaki na mawe yake, vioo nitakuja kuvichukua baadaye. Usimpe chakula, usimpe maneno.

Mhandisi Alfonsi


Ifakara, 22 Aprili 2025

Mhandisi,

Dereva wako anarudi na barua hii. Samaki harudi nao. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu najua akifika utamfokea kabla hajavua viatu, na hajakosa kitu.

Bryson alifika jioni, mvua ikinyesha. Nilimwambia alale, asubuhi tutazungumza. Kulipokucha mto Lumemo ulikuwa umefurika, nguzo za umeme zimelala huko njiani, na habari ikaja kwamba maji yanapita juu ya barabara kabla ya kufika Sanje. Umeme hakuna, mtandao hakuna, na pa kwenda hakuna.

Nilifanya nilivyojiandaa. Nilitoa kifuniko cha tangi, nikatia pampu ya betri, nikaacha kuwalisha. Siku ya kwanza walitulia. Siku ya pili betri za akiba zilianza kuchoka, na dukani nilikotegemea kununua nyingine watu walikuwa wamezimaliza kwa ajili ya tochi. Barafu ya Kristina ilikuwa imeshakuwa maji. Mvua ilikatika, jua likatoka kali, nyumba ikawa kama tanuri. Nikaona wanapanda juu, wote, midomo imegusa uso wa maji. Yule wa bluu, mkubwa, alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe.

Nilichukua jagi nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, ili maji yakamate hewa. Bryson alikuwa amekaa kwenye kochi lako. Alitazama kwa muda, kisha akaja akaniambia nipumzike, akashika jagi yeye. Mikono yangu ilikuwa imeshakufa ganzi. Ndipo nikamuuliza ile kompyuta ya ofisi huwa anaichaji vipi safarini. Akasema kwenye gari kuna inveta, inatoa umeme wa ukutani kutoka betri ya gari.

"Mama, lile ni gari la ofisi," alisema, alipoona ninautazama mlango.

Nikamwambia, "Na hawa ni samaki wa bosi wako. Chagua unayemwogopa."

Alilisogeza gari mpaka dirishani. Tulipitisha waya, tukaunga pampu ya hewa na ile ndogo ya kuzungusha maji, na gari lako la ofisi likanguruma uani kwangu mpaka siku umeme uliporudi. Akilizima kupumzisha injini, tunarudi kwenye jagi. Dizeli ilipopungua aliongeza kwa fedha aliyopewa ya kurudia. Watoto wa mtaa walisimama dirishani kuangalia gari linalopumulia samaki. Nilicheka, Alfonsi. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini katika nyumba hii.

Wa bluu alikufa. Nilimtoa upesi kabla hajaoza akawaua wenzake. Wale wawili wa rangi ya chungwa ni wazima, wa njano mzima, na wale wadogo wa chini wazima.

Bryson alikuwa tayari kuwapakia, kwa utii wake. Nimekataa mimi. Samaki waliotoka kwenye shida hiyo huwezi kuwatia kwenye mifuko ukawatikisa hadi Tanga, ungepokea supu. Na hata wasingekuwa wachovu nisingekupa. Hukuwapo.

Nimempa chakula dereva wako, na maneno pia.

Leticia


Tanga, 9 Mei 2025

Leticia,

Umefurahi sasa. Mtandao uliporudi, simu ya kwanza aliyopokea Bryson ilikuwa ya ofisini kuuliza gari liko wapi. Akawaambia ukweli wote, mjinga yule. Liko Ifakara, linapumulisha samaki. Nimeitwa na kuhojiwa kama mwizi wa kuku, mbele ya vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Sasa hivi kila nikipita kuna mtu anapumua kwa mdomo wazi.

Umeua samaki ghali kuliko wote, ukaona ni ushindi, ukaniandikia barua ya kujisifu na jagi lako. Baki na lile tangi. Baki na vioo, mawe, harufu. Nimenunua jipya, kubwa zaidi, na samaki nimewapata kwa mzamiaji hapahapa, wametoka majini siku hiyohiyo. Rosemery amefurahi mno. Linakaa sebuleni kwetu na wageni wanalisifu. Naandika haya ili ujue hujaniondolea kitu.

Mhandisi Alfonsi


Ifakara, 17 Mei 2025

Mhandisi,

Nimepokea. Samaki wazima. Aurelia amefaulu mtihani wa kemia, hukuuliza.

Leticia


Tanga, 15 Septemba 2025

Dada Leticia,

Shikamoo. Utashangaa kupata barua hii, na huenda utaichana ukiona jina. Nakuomba usome kwanza.

Mimi ni Rosemery wa mzee Shilinde. Siandiki kuomba urafiki, na sitakuomba msamaha kwa barua kwa sababu jambo lile halitoshi kwenye karatasi. Alfonsi aliniambia mliachana zamani na kwamba wewe ulibaki kuangalia nyumba yake kwa kuwa huna pa kwenda. Mengine nimeyajua kwa Bryson.

Tangu mwezi wa saba Alfonsi hayupo. Ofisi ilimhamishia Tunduru kusimamia makalavati ya barabara, baada ya ile habari ya gari. Alisema atakaa huko mpaka kazi iishe, na akaniachia tangi. Kila akipiga simu anauliza samaki. Nikimwambia nimeumwa malaria ananiambia nisipulize dawa ya mbu sebuleni.

Dada, samaki hawa mimi sikuwaomba. Aliniambia ni zawadi yangu. Nawaogopa. Nikiingia sebuleni natazama kwanza kama kuna aliyeelea. Alinikataza kugusa kitu chochote, akasema vifaa vya dharura atanunua akija, na hajaja. Kasha lipo, ameliandika vizuri kwa rula. Ndani kuna hita.

Wiki iliyopita umeme ulikatika kidogo tu, nikakaa nimeshika tochi nikilia kama mtoto, mpaka ukarudi. Mvua za vuli zinakuja. Bryson anasema wewe uliwaokoa kwa jagi na gari. Mimi gari sina. Naomba uniambie niweke nini ndani, na likitokea nianze na lipi. Kama hutaki kunijibu nitaelewa.

Rosemery


Ifakara, 24 Septemba 2025

Rosemery,

Marahaba. Naiitikia kwa sababu nimekuzidi umri, usiipe maana nyingine.

Nilikuwa nimekutungia barua kichwani kwa zaidi ya mwaka, na hii siyo. Ile ilikuwa fupi na isiyofaa kusomwa na kondakta. Lakini nilipofika kwenye hita nilicheka hadi mteja akaniuliza kama niko salama. Mwanaume ana bahari mlangoni, joto la Tanga linamvua shati, amenunua hita ya pili. Basi sikiliza.

Hita toa, mpe mtu. Nunua pampu ya hewa ya betri, usinunue moja, nunua mbili, kwa sababu itakayokufa itakufa siku unapoihitaji. Betri uzibadilishe hata kama hujazitumia. Zinachoka zikiwa zimekaa kimya. Moja ya pampu hizo uiwashe kila Jumapili ukitoka kanisani uone kama inafanya kazi. Mimi sikuwa nafanya hivyo na nilijuta. Uliza kwa mafundi betri ya sola au ya pikipiki na inveta ndogo. Hiyo ndiyo itakuwa gari lako.

Gandisha maji kwenye chupa, uzibe vizuri, uzioshe nje kwa maji matupu. Joto likizidi weka moja ielee tangini, moja tu, ikiyeyuka weka nyingine. Ukitia zote kwa pamoja maji yatapoa ghafla na utawaua kwa wema.

Maji ya chumvi ya akiba weka kwenye pipa lenye kifuniko, gizani. Mimi huku nachanganya chumvi maalum inayotoka Dar es Salaam, na maji ya bomba lazima niyatoe klorini kwanza. Wewe unaweza kuchota baharini, lakini usichote karibu na mji wala bandarini kwenye mafuta. Mwombe yule mzamiaji aliyewauza akuletee ya mbali, uyachuje kwa kitambaa safi, uyapime chumvi kabla ya kuyatumia. Chumvi ya jikoni usiiguse. Kuna mtu mwenye digrii aliwahi kuniambia inafaa, unamjua.

Weka mkaa ule maalum wa kusafisha maji, kwa sababu mtu anaweza kuingia akapuliza dawa ya mbu au marashi, na pampu ikavuta ule moshi ikaupeleka majini. Na malaria yako tibu. Lala kwenye chandarua, nenda kapime damu mpaka iseme huna. Samaki wanaweza kusubiri; wewe ndiye unayewasha pampu.

Umeme ukikatika, usikimbilie chochote. Chomoa kila kitu ukutani kwanza, usije ukatia mkono majini umeme ukarudi. Fungua kifuniko. Washa pampu ya betri. Usiwalishe, hata wakikutazama. Wakianza kupanda juu, jagi. Akifa mmoja mtoe upesi, usikae kumlilia. Na hili hakuna aliyeniambia, nimelipata kwa kupoteza wadogo wawili siku chache baada ya hatari kuisha, na Alfonsi sikumwambia: umeme ukirudi, chujio lililosimama muda mrefu limeoza ndani. Usiliwashe vilevile. Lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Ameniambia kwa maandishi kwamba ulimwomba tangi. Nimekuchukia kwa ajili ya tangi hilo kuliko kwa ajili yake. Sasa naona nilipoteza chuki yangu bure kwenye jambo hilo. Mengine tutaangalia.

Unaniuliza pia, ingawa hukuandika, ufanye nini na yeye. Hilo sitakujibu. Mtu asiamue jambo kama hilo wakati samaki wanahema juu ya maji. Kwanza wawe wazima.

Leticia


Tanga, 21 Oktoba 2025

Dada Leticia,

Shikamoo. Umeme ulikatika kwa upepo, ukakaa siku mbili na nusu yake. Nilifanya ulivyosema. Nilichomoa, nikafungua, nikawasha. Pampu moja ikafa kweli, nikaweka ya pili. Betri ya pikipiki aliniazima Bryson. Jagi nililishika mwenyewe, na nilipochoka nilibadilisha mkono. Amekufa mmoja, yule mwenye miiba aliyekuwa akijificha. Wengine wote wazima. Umeme uliporudi nilikumbuka chujio. Lilinuka, dada, kama yai viza. Ningeliwasha vile ningewaua wote kwa mkono wangu.

Alfonsi alipiga simu siku ile ile. Aliuliza wamebaki wangapi, nikamwambia. Akauliza nani aliwaangalia. Nikasema mimi.

Akasema, "Wewe?"

Alisema hivyo tu, na si kwa ubaya, alishangaa kwa kweli. Akaendelea kuniuliza kama maji yamepungua. Mimi nilikuwa bado nimeshika simu lakini sikuwa namsikia. Niliwaza kwamba nimeishi na mtu huyu, nimempikia, nimemfulia, nimemuuguza, na anashangaa kwamba naweza kuwasha pampu.

Ulisema nisiamue wakihema. Hawahemi sasa. Nimempigia yule mzamiaji. Kesho asubuhi ataniletea ndoo zake na tutakwenda pale alipowatoa, penye miamba, tuwarudishe. Amenieleza namna ya kuwazoesha maji taratibu. Pampu ya betri itakwenda nao njiani.

Halafu narudi nyumbani kwa baba. Nitapitia Ifakara kwa sababu njia ni hiyo. Ukiniona stendi na hutaki kunisemesha, geuka tu, sitakufuata.

Rosemery


Tunduru, 4 Novemba 2025

Mama Aurelia,

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Rosemery hapokei simu. Majirani wa Tanga wanasema ameondoka na begi, funguo amempa mwenye nyumba, na tangi langu lipo na maji matupu. Mzamiaji anasema samaki wako baharini, na anazungumza kana kwamba ni jambo la kawaida mtu kumwaga mali ya mtu.

Nina hakika mkono wako umo. Msichana yule hakuwa na ubongo wa kupanga haya. Umemfundisha kiburi.

Kwa kuwa mmekuwa marafiki, mwambie arudi, nitamsamehe. Nimeshaagiza samaki wengine, mzamiaji amekubali, na fedha yake ameshapokea. Wanakuja wiki ijayo. Mimi siwezi kutoka Tunduru kabla ya Krismasi. Nani atawaangalia? Fikirini kidogo, nyie wanawake, kabla ya kutenda.

Mhandisi Alfonsi


Ifakara, 12 Novemba 2025

Mhandisi,

Rosemery alipita hapa. Nilikwenda stendi mwenyewe. Sikujua kama nitageuka au sitageuka mpaka nilipomwona akishuka. Alikuwa na begi moja na ndoo tupu. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania. Kwenye mawazo yangu alikuwa mrefu, na amevaa vizuri.

Maneno niliyokuwa nimemwandalia yalikuwepo yote, mdomoni kabisa. Sikuyatumia kwa sababu alikuwa na njaa. Nilimpeleka nyumbani nikampakulia wali na kambale, akala bila kuniangalia. Kisha akaenda kusimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Aliniuliza kwa nini wangu nisiwarudishe. Nikamwambia bahari kwangu iko mbali, watafia njiani, na sasa hivi sina haja ya kuwapeleka popote. Wananijua. Nikiingia sebuleni wanakuja mbele ya kioo. Nilipowatunza ili nikukomoe, hawakuwa wakija, au mimi sikuwa naangalia.

Hatujawa marafiki. Alipotaka kuzungumza habari zako nilimwambia zinanichosha, na kweli zinanichosha. Tulizungumza mpunga, na baba yake, na dawa za ng'ombe ambazo wanauziwa feki huko Mlimba. Anasema nikifungua tawi la duka huko atakaa yeye. Sijamjibu. Nitakwenda kuangalia, kodi ya pango ikiwa nzuri. Anajua kusoma maelekezo, hilo nimelihakikisha.

Nilimsindikiza mpaka stesheni. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, tukakaa kwenye benchi tukila karanga. Alipopanda alinishika mkono, akasema asante. Nikamwambia akae upande usio na jua.

Unasema hakuwa na ubongo wa kupanga. Nami hukunidhania kuwa nao. Umeishi na wanawake wawili, ukatuachia kila mmoja sanduku tupu lenye maandishi mazuri, ukaondoka ukiamini umetuachia maarifa.

Unauliza nani atawaangalia samaki wako wapya. Waangalie wewe.

Leticia